Matairi ya baridi, matairi ya masika na gari za spidi hapa Malindi: maswali naulizwa kila siku

Nafanya kazi ya matairi hapa Malindi, na gari zinazonifikia siku hizi si Probox na matatu peke yake, ni Impreza WRX, Forester za tabo, Golf GTI, Mark X, mara moja moja na Evo. Wenyewe wanaziosha kila Ijumaa, oil wanaweka ya bei, lakini ukiwauliza tairi gani imevaa gari utasikia "bado nzima hiyo, ina meno". Haya maswali nimeyajibu mara nyingi sana, nikaona niyaandike pamoja.

Malindi hakuna baridi wala theluji, kwa nini tuongee matairi ya baridi?

Kwa sababu tunayo, ndo shida yenyewe. Gari zetu nyingi zatoka Japani zimetumika, na huko Hokkaido, Tohoku, Niigata, theluji yaanguka miezi na miezi, kwa hivyo watu wa huko wanapenda gari za kuvuta miguu yote minne kama Subaru na wanazivalisha matairi ya theluji. Mwenyewe akiiuza mwezi wa pili gari inaondoka na matairi iliyokuwa nayo, inapanda meli, inashuka Mombasa, inakuja mpaka hapa na mpira uliotengenezwa kukanyaga barafu. Halafu kuna wale wenye ndugu Ujerumani na Italia, wanapigiwa simu mwezi wa kumi ndugu anauliza avalishe nini gari yake ya mbio. Nao nitawajibu huko chini.

Nitajuaje gari yangu imekuja na matairi ya theluji?

Chutama uangalie ubavu wa tairi kwa tochi. Za Japani nyingi zimeandikwa STUDLESS kabisa, herufi kubwa, yaani tairi ya theluji isiyokuwa na misumari, kwa sababu zamani huko walikuwa wakitumia matairi yenye misumari ya chuma, yakawa yanasaga lami hadi vumbi linaingia kwa mapafu ya watu, sheria ya kuyazuia ikatoka mwaka 1990. Kama hakuna hilo neno tafuta mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Majina pia yanasema yenyewe: Blizzak ya Bridgestone, iceGUARD ya Yokohama, Winter Maxx ya Dunlop, X-Ice ya Michelin, hizo zote ni za barafu.

Halafu angalia uso wa tairi. Kila kipande cha meno kina mikato myembamba ya kwenda zigizaga, mingi sana, kama mtu amepitisha wembe. Bonyeza kwa kucha, mpira unaingia ndani kama raba ya kufutia. Tairi ya kawaida haiingii hivyo.

Na nikikuta gari imekuja na matairi hayo huwa nainama zaidi niangalie chini ya bodi, manake sehemu za theluji wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo inakula chesisi. Wengi wanaangalia rangi ya juu tu.

Lakini meno yamejaa kabisa, kwa nini niyatoe?

Hapa ndo watu wengi wanabishana na mimi, na nawaelewa, tairi nne za Subaru si pesa kidogo. Lakini hebu nieleze mpira wenyewe unavyofanya kazi.

Mpira wa tairi unabadilika na joto. Tairi ya kawaida ya gari ya spidi ikipigwa na baridi kali inakakamaa, haishiki. Kwa hivyo wanaotengeneza tairi ya theluji wanachanganya mpira mwingine, wenye silika nyingi, unaobaki laini hata chini ya sufuri. Huko Ulaya hesabu yao ya kukumbuka ni digrii 7, chini ya hapo tairi ya baridi ndo inafanya kazi vizuri, juu ya hapo inaanza kulainika kupita kiasi. Sasa Malindi usiku wa mwezi wa saba wenye upepo wa kusi, ule tunaovalia sweta, bado ni digrii ishirini na kitu. Na lami ya mchana mwezi wa pili inapita 50, weka mguu utupu uone. Hatufiki 7 hata siku moja, hata ukipanda mpaka Limuru asubuhi na ukungu wake bado huhitaji tairi ya theluji.

Kwa hivyo mpira ule kwenye joto letu unakuwa kama ubani uliotafunwa. Meno yake ni marefu na yamekatwakatwa, ukikata kona yanainama kwanza halafu gari ndo inafuata, usukani unahisi kama umelegea. Ukikanyaga breki yanakunjika. Na yanaisha haraka ajabu, kwanza mabega.

Mie mwenyewe nilikuwa na Impreza, aliyeniuzia aliniambia "matairi mapya haya, hutaki kununua mengine miaka mitatu", nami kwa vile nilikuwa bado sijaingia kazi hii nikaamini. Mwezi wa pili nikaona gari inayumbayumba nikipita 90, nikafikiri ni shoki. Nikabadilisha shoki. Mwezi wa nne, mvua ya rasharasha tu, nateremka daraja la Sabaki nikitoka Mambrui, mbele yangu lori la chumvi la huko Gongoni likafunga breki. Nikakanyaga. Gari ikaenda moja kwa moja kama imewekwa kwenye sabuni, ABS, ile breki ya kuzuia tairi zisijifunge, inagonga mguuni, lori linakuja tu. Nilipata upenyo wa kushoto nikatoka kwenye vumbi nikasimama. Hakuumia mtu. Nilipofika nyumbani nikachutama na tochi ndo nikasoma STUDLESS kwa mara ya kwanza maishani.

Si mpira laini unashika zaidi kwenye maji?

Watu wengi wanafikiri hivo. Laini ya barafu na laini ya mashindano ni vitu viwili. Tairi ya theluji ya Kijapani imepangwa kunyonya ule utando mwembamba wa maji ulio juu ya barafu, kwenye baridi. Mvua ya vuguvugu juu ya lami ya moto ni kazi nyingine kabisa, na kwenye kazi hiyo inashindwa na tairi ya kawaida nzuri. Breki yake kwenye lami ya maji ni ndefu zaidi.

Spidi nayo? Gari yangu inapiga 220.

Angalia herufi ya mwisho kwenye saizi. Mfano 205/55R16 91V: 205 ni upana wa tairi kwa milimita, 55 ni urefu wa ubavu ukiwa asilimia 55 ya huo upana, 16 ni rimu kwa inchi, 91 ni uzito, yaani kilo 615 kwa tairi moja, na V ni spidi. Herufi ziko hivi: Q ni 160, T ni 190, H ni 210, V ni 240, W ni 270, Y ni 300. Zile za theluji za Japani nyingi ni Q.

Utaniambia sheria ya Kenya ni 100 mpaka 110 kwa barabara kuu na 50 mjini, kwa hivyo Q inatosha. Sawa, lakini ile herufi inapimwa tairi ikiwa nzima, upepo sawa, mzigo sawa. Yako ina miaka minane, imepakia watu watano na mbuzi wa Idi, upepo umeshuka, jua la saa saba. Joto linajikusanya ndani ya mpira, na joto ndo linalopasua tairi. Mtu wa gari ya tabo asishuke chini ya herufi iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

Basi ninunue tairi gani kwa masika?

Masika ndo baridi yetu sisi. Mvua kubwa ya mwezi wa tatu mwishoni mpaka wa tano, halafu vuli ya mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili, hiyo ndo inatakiwa ikuamulie tairi, jua tunalo kila siku na karibu kila tairi ya kawaida inalivumilia.

Mie naanza na njia za maji. Tairi iwe na mifereji mipana ya kuzunguka, mitatu au minne, na mikato ya pembeni inayotoa maji nje. Zile za mshale, zenye meno ya umbo la V, zinatoa maji vizuri sana ila lazima zifungwe upande mmoja, mshale ukifuata mzunguko, na mafundi wa haraka haraka wanazifunga kinyume, nimezikuta nyingi. Simama hapo hapo uangalie mshale kabla hujalipa.

Pili, lebo. Tairi zinazouzwa Ulaya zina lebo yenye mchoro wa wingu la mvua, na herufi A mpaka E, hiyo ni breki kwenye lami yenye maji. Chukua A au B. Zinazouzwa Marekani zimeandikwa ubavuni Treadwear namba kadhaa, halafu Traction na Temperature. Traction inapimwa kwa breki kwenye maji, AA ndo ya juu kisha A, B, C. Temperature kwa huku kwetu usikubali chini ya A, hilo nasimama nalo. Treadwear kubwa maana yake itakaa muda mrefu, lakini mara nyingi mpira ni mgumu kwa hivyo mshiko unapungua. Mtu wa gari ya spidi akichukua kati ya 280 na 400 hivi atakuwa pazuri, inashika na haiishi kwa mwaka mmoja. Na hii nayo ni njia ya kuzitambua zile za theluji, huwa hazina hiyo Treadwear kabisa.

Alama ya M+S usiitafute. Hiyo ni ahadi ya kiwanda tu kwamba inafaa tope na theluji, haina kipimo nyuma yake.

Usinunue tairi laini kabisa za mashindano zenye mifereji miwili mitatu ya jina tu. Kwenye lami kavu ya Mombasa zitakufurahisha, ukikutana na mvua ya Kilifi utajuta.

Gari "kuogelea" juu ya maji inatokeaje?

Tairi inapozunguka lazima isukume maji pembeni ndo mpira uguse lami. Spidi ikipita uwezo wake maji yanabaki chini, tairi inapanda juu yake, na hapo usukani unakuwa mwepesi kama umekatika, breki hamna, injini inapanda sauti bila gari kwenda. Mambo yanayoamua ni manne: maji ni kina gani, meno yamebaki kiasi gani, spidi, na upepo.

Ya upepo watu hawaiamini. Kuna hesabu NASA walitengeneza kwa ajili ya matairi ya ndege, si sawasawa na gari lakini inaonyesha mambo yanavyoelekea: tairi yenye upepo wa psi 32, zile namba za kwenye geji, inaanza kuelea kwenye kama kilomita 94 kwa saa, ya upepo wa 24 inaanza kwenye kama 82. Kilomita 12 zimeondoka kwa kutotembelea petroli steshoni tu.

Ikikutokea, toa mguu taratibu, usikanyage breki kwa nguvu, usigeuze usukani, shika unyooke mpaka uhisi tairi zimegusa chini tena. Na kruzi kontroli izime kabisa mvua inaponyesha.

Mvua ya kwanza ya msimu iogope zaidi ya zote. Mafuta na vumbi la miezi yote ya kaskazi yako juu ya lami, maji yakiingia kidogo inakuwa utelezi mtupu, na magurudumu ya malori yanaleta udongo mwekundu kutoka njia za ndani. Mvua ikishapiga kwa nguvu nusu saa, lami inaoshwa, unaona hata rangi ya Sabaki imebadilika.

Upepo niweke ngapi?

Ulioandikwa mlangoni. Pima asubuhi gari haijatembea, ukipima baada ya kutoka Mombasa utapata imepanda, usipunguze. Kila digrii 5 au 6 za joto huongeza karibu psi moja. Wale wanaoshusha upepo "ili tairi ikae chini ishike" mvuani wanafanya kinyume kabisa, na nimeshaeleza kwa nini.

Tairi pana ni bora kwa mvua?

Hapana. Kwa lami kavu sawa, ila pana inabeba maji mengi zaidi ya kusukuma. Kwenye theluji ni hivo hivo, ndo maana Ulaya wengi wakivalisha gari ya mbio kwa baridi wanashuka rimu moja na tairi nyembamba kidogo. Impreza ya 205/55R16 ukiivika 235 ili ijaze fenda umejipunguzia usalama wa masika, na ukitoka nje ya barabara ukagonga shimo ule ubavu mfupi haukingi rimu. Rimu zilizopasuka msimu wa mvua ninazoletewa karibu zote ni za inchi 18 na ubavu wa 40, dereva hakuona shimo kwa sababu lilijaa maji.

Nimenunua mbili tu, naweza kuchanganya na za zamani?

Inategemea gari. Kwenye Subaru na nyingine za kuvuta miguu minne, tafadhali usifanye. Subaru wanataka mzunguko wa nje wa matairi yote manne usipishane zaidi ya robo inchi, yaani kama milimita 6. Ukiweka mpya mbili mbele na kipara mbili nyuma, miguu ya mbele na ya nyuma inazunguka tofauti kila sekunde, difu ya katikati inafanya kazi barabara nzima, inachemka, inakufa. Bei ya hiyo gia boksi inanunua matairi seti kadhaa. Hata ikipasuka moja, tafuta ya aina ile ile yenye meno yanayokaribiana.

Kwa gari ya kuvuta mbele kama Golf, au nyuma kama Mark X, unaweza kubadilisha mbili, na zile mpya ziende nyuma. Najua unashangaa, gari inavuta mbele mbona mpya nyuma. Mbele ikiteleza gari inakataa tu kukata kona, unapunguza mafuta inarudi. Nyuma ikiteleza kwenye maji gari inazunguka yote, na dereva wa kawaida hairudishi hiyo.

Kuchanganya za theluji na za kawaida kwenye gari moja ni hatari zaidi ya kuwa na za theluji zote nne. Madereva wa rali ya Monte Carlo wanachanganya, kweli, wenye misumari na wa lami kavu kwenye gari moja, kwa sababu mlima mmoja upande huu ni mkavu upande wa pili ni barafu. Wao hiyo ndo kazi yao na barabara imefungwa.

Meno yabaki milimita ngapi?

Tairi mpya ina kama 8. Vile vijiti vidogo vilivyolala ndani ya mfereji vinaonyesha 1.6, ukivifikia tairi imekwisha kisheria nchi nyingi. Mie kwa masika nasema 3, chini ya hapo badilisha. Pima sehemu tatu, nje, katikati na ndani, na usukani ukiwa umekatwa ili uone ndani vizuri. Gari zilizoshushwa zinakula upande wa ndani, unaona nje imejaa meno kumbe ndani nyuzi zimeanza kuchungulia. Hiyo nayo yataka wili alaimenti, usifunge tairi mpya juu ya alaimenti mbovu.

Zile za theluji zina kijiti cha pili kirefu zaidi, ikifika hapo ni nusu imekwisha na Wajapani wenyewe hawaitumii tena kwenye theluji. Nyingi zinazofika huku zimeshapita hapo.

Umri wa tairi nausoma wapi?

Tafuta neno DOT, mwisho wake kuna namba nne. 3518 ni wiki ya 35 mwaka 2018. Kama upande wa nje hakuna, ziko upande wa ndani. Viwanda vikubwa kama Michelin vinasema baada ya miaka mitano ikaguliwe kila mwaka na ikifika kumi itoke hata kama inaonekana nzuri. Kwa jua letu na hewa ya bahari mie nikiona sita nashauri kubadilisha, saba sitaki hata kuifunga. Ufa mwembamba mwembamba kwenye ubavu, kama kisigino kikavu, ndo dalili.

Eksi-Japani zilizotumika ni bora kuliko mpya za bei rahisi?

Sipendi. Anayezinunua haoni ndani, haoni kama iligonga, haoni kama ilibandikwa kiraka ubavuni, na nusu ya rundo ni zile zile za theluji zilizopakwa rangi nyeusi ing'ae. Mpya ya kiwanda kisichojulikana sana, yenye tarehe ya karibuni na herufi ya spidi inayotosha, naichagua mbele ya jina kubwa la miaka tisa. Soma lebo, usisome jina.

Naenda Lamu na gari yangu ya spidi msimu wa mvua, nifanye nini?

Gari itaishia Mokowe, kisiwani utavuka kwa boti na kule kuna punda. Lami ipo, lakini kati ya Garsen na Witu, hasa Gamba, mto Tana ukifurika maji yanapita juu ya barabara, tuliona mwisho wa 2023 wakati wa El Niño watu wamekwama siku. Uliza wenye mabasi kabla hujatoka Malindi. Maji yanayotembea juu ya lami usiyavuke hata kama tairi zako ni za dhahabu, gari ya chini inaelea kwa maji ya magotini.

Spea ndo muhimu zaidi. Gari nyingi za spidi zina ile spea nyembamba ya 80 kwa saa, au chupa ya dawa ya kuziba pancha tu, na kutoka Garsen kwenda mbele fundi wa pancha si kila kona. Kwa safari hiyo nabeba spea ya saizi kamili na pampu ya kuchomeka kwa gari. Njia za udongo mweusi usiingie kabisa, meno ya tairi ya lami yakishajaa udongo ule yanakuwa duara tupu.

Ndugu yangu yuko Ujerumani ana gari ya mbio kweli, achague vipi ya baridi?

Huko ni lazima. Sheria yao haina tarehe, inasema barabara ikiwa na barafu au theluji gari iwe na tairi ya baridi, ukikamatwa huna ni faini ya yuro 60 na pointi moja. Wenyewe wana msemo wa kukumbuka, kuanzia Oktoba mpaka Pasaka. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 M+S peke yake haitambuliki tena, lazima uwe na ule mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji. Austria ni kuanzia tarehe 1 Novemba mpaka 15 Aprili hali ya baridi ikiwepo, na meno yasiwe chini ya milimita 4. Italia barabara nyingi ni kuanzia 15 Novemba mpaka 15 Aprili, tairi za baridi au minyororo ndani ya gari, na Wataliano wa hapa Malindi wanalijua hilo, wengi wanakuja huku miezi hiyo hiyo kuikimbia.

Sasa kwa gari yenyewe. Asifikirie kwamba kwa vile ni baridi anunue ile laini kabisa ya barafu kama ya Hokkaido. Barabara kuu za Ujerumani mara nyingi ni baridi na maji, theluji ni siku chache, na yeye anakwenda spidi. Kuna tairi za baridi zilizotengenezwa kwa gari za nguvu: Pilot Alpin ya Michelin, P Zero Winter ya Pirelli, WinterContact TS 860 S ya Continental. Hizo zina mpira wa baridi lakini meno magumu zaidi, haziyumbi kwenye 180.

Saizi atoe kwenye karatasi za gari, asibahatishe. Porsche 911 Carrera ya sasa kwa mfano mbele ni 235/40 rimu 19 na nyuma ni 295/35 rimu 20, mbele na nyuma hazibadilishani. Atafute na herufi ya kiwanda cha gari, Porsche wanaweka N na namba, BMW nyota, Mercedes MO, maana yake tairi ile imepimwa na gari ile. Akitaka kushuka rimu ahakikishe breki kubwa zinaingia, kuna rimu za 17 zinagusa breki za gari hizi hata kuzunguka hazizunguki.

Spidi ya tairi ikiwa chini ya spidi ya gari, mfano V ya 240 kwa gari ya 290, Ujerumani wanaruhusu kwa baridi ila lazima abandike stika ya 240 mbele ya macho ya dereva.

Na zile za kiangazi alizovua, asiziviringishe wala kuzipakia huku na huku kukiwa na baridi kali sana. Zile laini za mashindano zinaweza kupasuka mpira kwa baridi, viwanda vyenyewe vinaonya.

Na zile za misimu yote?

Michelin walitoa CrossClimate mwaka 2015, na nyingi za siku hizi zina ule mlima wa theluji pia. Kwa gari ya kwenda dukani na kazini huko Ulaya ni sawa. Kwa gari ya mbio naona ni hasara ya pande zote mbili, kiangazi inalegea na kwenye barafu haifikii. Huku Malindi huzihitaji.

Nimezivua za theluji, niziuze?

Usimuuzie mtu mwingine wala jirani, ukijua zilivyo. Mie zangu nilizikata ubavu mmoja mmoja kwa msumeno zisirudi barabarani, moja imepandwa mchicha nyuma ya nyumba na tatu wanangu wanabembea.

Masika yameanza na sina pesa ya tairi nne.

Anza na zisizolipiwa. Upepo, leo. Kata usukani uangalie meno ya ndani, leo. Soma DOT zote nne na ya spea. Ukikuta STUDLESS na huna jinsi, gari itembee ndani ya mji tu, kwenda Watamu na kurudi polepole, Mombasa panda basi mpaka upate. Kama ni Golf au Mark X nunua mbili zifungwe nyuma, mwezi ujao mbili. Kama ni Subaru weka akiba ununue nne siku moja, na mpaka siku hiyo mvua ikinyesha usipite 60, taa ziwake mchana, na ule umbali wa kati yako na lori uzidishe mara mbili.